KALIBRE GANI? Miaka zaidi ya mia ya kutafuta risasi "inayosimamisha mutu", tangu Bunkeya mpaka Miami



Juma lililopita mwenzetu mmoja aliandika kwenye grupu katikati ya usiku. Majambazi walikuwa wametoka kwake: walivunja mulango, wakabeba televizyo, simu mbili na mota ya pampu ya maji. Mutu hakuumia, tunamushukuru Mungu. Asubuhi akauliza swali moja tu: "Wandugu, nikipata pistole ya kulinda nyumba, nichukue kalibre gani? 9 ao 45?"

Mbele ya saa sita ya mchana majibu yalikuwa yanajaa simu. Mwingine anasema 45, kwani inaangusha mutu mara moja. Mwingine anasema 9, kwani njo polisi wa dunia yote wanabeba. Mwingine anasema 7,65 inaenea mufukoni. Karibu wote tulikuwa tunasema vile tuliona mu filme.

Mimi niko agronome, siko mwanajeshi. Lakini nilipoanza kusoma historia ya swali hili, nilishangaa kukuta ng'ombe ndani yake, na jaribio ambalo profesa wetu wa takwimu angelirudisha na wino mwekundu. Njo maana nimeandika. Mwenzetu anangoja jibu, na jibu baya hapa linaweza kumuua yeye ao mutoto wake.

Kwanza tuelewane na neno. Kalibre ni upana wa mudomo wa bunduki, na kwa hiyo upana wa risasi. Wabeleji na Wadachi wanapima kwa milimita: 7,65 ao 9. Wamarekani na Waingereza wanapima kwa sehemu ya inchi: .45 ni inchi 0,45, maana yake mm 11,43. Kwetu neno tunalijua kwa "kalibre 12" ya wawindaji, lakini ile ni hesabu ingine kabisa. Tuiache kwanza, nitairudilia mwishoni.

1. BUNKEYA, 1891

Sisi wa Katanga hatuwezi kusema pistole ni mambo ya filme. Inchi yetu iliingia katika mikono ya mufalme Leopold kwa masasi ya pistole.

Msiri, mufalme wa Garenganze, alijenga nguvu yake kwa shaba, pembe za ndovu na watumwa. Biashara yake ilifika bahari zote mbili, na kule alikuwa anapata bunduki na baruti. Tarehe 20 Desemba 1891 watu wa msafara wa kapiteni Stairs, waliotumwa juu ya kuweka bendera ya Leopold, walimukuta Msiri karibu na Bunkeya. Ofisa Mubeleji Omer Bodson alitoa revolva yake akamupiga. Mmoja wa watu wa Msiri naye akamupiga Bodson tumboni, Bodson akafa. Siku ile Katanga ilibadilisha mwenyewe.

Uende leo Bunkeya, uketi na wazee, watakuelezea mambo mengi juu ya ile siku. Sijasikia hata mmoja anauliza revolva ya Bodson ilikuwa ya kalibre gani. Ilitosha kwamba alikuwa karibu, na hakukosa.

Tena tusisahau kitu kimoja. Mwaka mmoja mbele yake, tarehe 2 Julai 1890, serikali kubwa za Ulaya na wenzao walitia sahihi huko Bruxelles mapatano ya kupinga biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa sehemu juu ya silaha: kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini, bunduki za kisasa zinakatazwa kuingia Afrika. Zile za zamani za jiwe la moto, ambazo hazina mifereji ndani ya mudomo, hazikuguswa. Silaha nzuri zilibaki kwa waaskari wa serikali na kwa wachache wenye ruhusa. Kwa maneno mengine, wakati Ulaya na Amerika walikuwa wanaanza kuchagua kalibre, sisi tulikuwa tumekwisha kuchaguliwa.

2. CHICAGO, 1904: JARIBIO LA NG'OMBE

Sasa twende Amerika, kwani njo kule mabishano ya 9 na 45 yalizaliwa.

Mwaka 1892 jeshi la Marekani liliacha revolva yake ya zamani ya .45 na kuchukua ingine nyepesi ya .38. Kisha wakaenda kupigana Ufilipino. Huko kusini, kwa Wamoro, maofisa wakaanza kulalamika: mutu anapigwa masasi mawili, matatu ya .38, anaendelea kukuja na panga mpaka anamukata askari. Revolva za zamani za .45 zikarudishwa haraka.

Jeshi likataka uhakika. Mwaka 1904 likawatuma watu wawili, kapiteni John Thompson wa idara ya silaha na meja Louis La Garde wa idara ya waganga. Wakaenda Chicago, ku machinjio makubwa ya ng'ombe. Walikuwa na masasi ya namna mbalimbali, tangu 7,65 mm mpaka karibu mm 12. Wakapiga maiti za watu zilizotundikwa, wakaangalia zinayumba namna gani. Wakapiga ng'ombe wazima, wakaandika kila mmoja anachukua wakati gani kuanguka.

Mwishoni wakaandika kwamba pistole ya jeshi isiwe chini ya kalibre .45. Juu ya maneno yale John Browning alitengeneza pistole yake maarufu, jeshi likaipokea mwaka 1911, nayo ikabaki pistole ya kawaida ya Wamarekani mpaka 1985. Miaka 74! Yule anayesema leo kwenye grupu "45 inaangusha mara moja" anarudilia raporo ya Chicago, hata kama hajawahi kuisikia.

Wandugu wa fakulte, tuiangalie sasa vile tunaangalia memwari ya mwanafunzi.

Ng'ombe hawakufika 20, kwa masasi ya namna karibu nane. Marudio yako wapi? Ukipanda mbegu nane za mahindi, kila moja kwenye parsela moja ao mbili, jury itakufukuza.

Ng'ombe hawakuwa na uzito sawa, na masasi hayakuwapiga fasi moja. Ni kama kupanda mbegu moja ku bulongo mweusi wa bondeni na ingine ku mawe, halafu unalinganisha mavuno.

Siku ya kwanza walikuwa wanapiga polepole na kungoja. Siku ya pili wakabadilisha, wakapiga mfululizo. Protokole imebadilika katikati ya jaribio.

Na kosa kubwa kuliko yote: walibadilisha kila kitu kwa mara moja. Risasi moja ilikuwa pana na nzito na ya polepole. Ingine nyembamba, nyepesi na ya mbio. Moja ya risasi laini, ingine imevikwa chuma kigumu. Kisha wakasema sababu ni upana. Ukibadilisha mbegu, mbolea na nafasi ya kupandia, yote pamoja, huwezi kusema mbolea njo imeleta mavuno.

Lakini sitaki kuwatukana wale wawili, kwani katika raporo ile ile waliandika kitu cha kweli ambacho watu walikisahau. Walisema kwamba hakuna risasi ya pistole ya kutumainiwa kusimamisha mutu palepale, isipokuwa imegusa ubongo ao uti wa mgongo. Kwa hiyo, wakasema, askari mwenye pistole afundishwe kulenga bila kuchoka. Jeshi likachukua maneno ya kalibre, likaandika historia yake nayo. Maneno ya mazoezi yakabaki ndani ya karatasi.

3. MWAKA ULE ULE, RAPORO INGINE

Kuna raporo ya pili ya 1904 juu ya masasi, na hii ni yetu. Ni ile ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza, juu ya nchi ya kaucho huko juu ya mto Kongo. Waaskari wa Leopold walitakiwa kuonyesha kwamba kila kartushi imetumika kwa mutu, haikupotea kwa kuwinda nyama. Ushahidi ulikuwa mukono wa kuume uliokatwa. Na aliyekuwa ametumia kartushi kwa nyama alikata mukono wa mutu muzima ili hesabu itimie.

Ninaweka mambo haya pamoja kwa sababu moja. Huko Chicago swali lilikuwa: risasi inafanya nini ndani ya mwili? Huku kwetu swali lilikuwa: risasi moja inalipwa na mukono gani? Kijana wa Kongo anayebishana kalibre kama anabishana timu ya mpira, akumbuke nkambo zake walikuwa upande gani wa ile hesabu.

4. HERSTAL: WABELEJI NA 7,65

Jina la Browning wazee wetu wanalijua. Kwa Kifaransa "browning" ilikuwa karibu sawa na kusema pistole. Browning alikuwa Mumarekani, lakini tangu 1897 alifanya kazi na kiwanda cha FN huko Herstal, karibu na Liège. Pale ilitoka pistole ya 1900, kalibre 7,65: ndogo, bapa, nyepesi. Ikauzwa kwa malaki. Polisi wengi wa Ulaya waliibeba bila kulalamika kwamba ni ndogo.

Wadachi nao, kwa Georg Luger, walitoa kartushi ya 9 mm Parabellum mwaka 1902. Jeshi la maji lao likaichukua 1904, jeshi la inchi kavu 1908. Muishike hii tarehe ya 1902, tutaihitaji.

Na tarehe 28 Juni 1914, huko Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alipiga masasi mawili kwa pistole ya FN ya 9 mm fupi, kartushi dhaifu kuliko ile ya Luger. Moja ilimupata Franz Ferdinand shingoni, ingine ilimupata muke wake tumboni. Wote wawili wakakufa. Vita iliyofuata ilipeleka waaskari wetu mpaka Tabora. Kwa mabishano yetu ya grupu, ile kalibre "haina nguvu".

Browning alikufa Herstal mwaka 1926, akiwa katika kazi ya pistole ingine ya 9 mm. Mubeleji Dieudonné Saive aliimaliza, ikatoka 1935 na masasi 13 ndani. Ilibebwa na majeshi mengi ya dunia.

5. TUHESABU KIDOGO

Tuache hadisi, tuchukue kalkilatrisi. Nguvu ya risasi ni nusu ya uzito mara mbio mara mbio.

Risasi ya .45 ya 1911: gramu 14,9, meta karibu 255 kwa segonde. Inatoa jouli karibu 485.

Risasi ya 9 mm Parabellum: gramu 8, meta karibu 350 kwa segonde. Inatoa jouli karibu 490.

Risasi ya .38 iliyolaumiwa huko Ufilipino: gramu 9,7, meta karibu 235. Jouli karibu 270.

Risasi ya 7,65 ya Browning: gramu 4,7, meta karibu 300. Jouli karibu 210.

Muone. 9 na 45, ambazo watu wanagombania miaka mia, ziko sawasawa kwa nguvu; moja inaipata kwa mbio, ingine kwa uzito. Muone tena: ile .38 ya Ufilipino upana wake wa kweli ni mm 9,07. Ni upana wa 9 mm! Kama upana peke yake ungekuwa sababu, basi 9 mm ingelaumiwa sawa na .38. Jouli nazo hazitoshi kueleza yote, kwani nguvu inayopita pembeni ya moyo ni bure.

6. MIAMI, 1986: WANARUDI KU SHULE

Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maajenti 8 wa FBI walifunga njia ya wezi wawili wa banki. Mapema, risasi moja ya 9 mm iliingia ku mukono wa mwizi mmoja, ikapita mpaka kifuani, ikasimama mbele ya kufika moyoni. Yule mutu alikuwa na kidonda cha kumuua, lakini hakuanguka. Akaendelea kupiga dakika kadhaa. Maajenti wawili walikufa, watano wakaumia.

FBI ikasema: kosa ni risasi. Hapa lakini walifanya kazi vizuri kuliko Chicago. Walitengeneza jaribio lenye masharti sawa: jelatini ya namna moja, nguo, mbao, kioo cha gari, na marudio. Wakaweka sharti kwamba risasi iingie angalau sentimita 30. Kisha wakachukua kartushi kubwa ya 10 mm. Ikapiga teke sana, maajenti wengi hawakuiweza. Ikapunguzwa, mwaka 1990 ikatoka .40, na polisi wengi wa Marekani wakaifuata.

Na mwisho? Mwaka 2014 idara yao ya mafunzo iliandika sababu za kurudi kwa 9 mm, ile kartushi ya 1902. Masasi ya sasa yametengenezwa vizuri, walisema, na vidonda vya hizi kalibre haviachani sana. Lakini mutu anayepiga 9 mm anapiga haraka na kwa uhakika zaidi. Waliandika pia hesabu ambayo ningetaka mwenzetu aisome mara mbili: katika hatari ya kweli, polisi wanapata adui kwa masasi 20 mpaka 30 tu juu ya 100.

Wale ni watu wa kazi, wanalipwa, wanafanya mazoezi. Na masasi 70 juu ya 100 yanakwenda fasi ingine.

Kitu kingine cha Miami: bunduki iliyoua maajenti wale ilikuwa ya 5,56 mm, nyembamba kuliko pistole zote pale. Na ajenti aliyemaliza vita, mukono mmoja umevunjika, alitumia revolva yenye masasi ya .38, akitembea mpaka karibu kabisa.

7. KWA WANAOPENDA SHABAHA TU

Kuna wenzetu wasiofikiria majambazi. Wanapenda mchezo wa kulenga. Hapo historia haina mabishano mengi. Kartushi ya .22, mm 5,6, iko tangu 1887. Bei yake ni ya chini, haipigi teke, kelele yake ni ndogo. Njo ile ya mchezo wa Olimpiki wa pistole, meta 25.

Mujue habari ya Károly Takács wa Hungaria. Mwaka 1938 gurneti ilimuvunja mukono wa kuume, ule wa kulengea. Akajifunza kwa mukono wa kushoto. Akachukua medali ya zaabu mwaka 1948, tena 1952. Alibadilisha mukono, na mukono njo ulikuwa kazi yote.

8. JIBU LANGU

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeuliza, nakujibu waziwazi. Mutu mwenye ruhusa ya sheria, mwenye uwanja wa mazoezi na franga za masasi, ajifunze kwa .22, kisha abaki na 9 mm. Hilo njo jibu lote la kalibre, na wewe umeona lilichukua miaka 112 kurudi pale lilianzia.

Lakini wewe uko na nini kati ya vile? Sheria yetu ya 1985 juu ya silaha inadai ruhusa, na ile pistole wanakuonyesha pembeni ya soko haina karatasi. Uwanja wa kulenga hauna. Masasi ya mazoezi hauna; utapata sita, saba, utayaweka chini ya kitanda. Polisi aliyefundishwa anakosa 70 juu ya 100. Wewe, usiku, bila umeme, na usingizi ku macho, utakosa ngapi? Ukuta wa chumba cha watoto wako ni wa tofali moja. Nyuma yake kuna jirani.

Nkambo yangu alikuwa muwindaji, na kalibre 12 ya ruhusa. Alikuwa anaenda musitu na kartushi mbili tu, kwani zilikuwa bei kali. Sikumusikia hata siku moja anasifu kalibre yake. Alikuwa anasema tu: "Karibia. Kama hauoni jicho la nyama, usipige." Mara nyingi alirudi na kartushi zote mbili, bila nyama, na hakuona haya.

Ku kartiye yetu tulipochoka na wezi, tulikubaliana juu ya firimbi na masufuria. Nyumba moja ikipiga, njia yote inapiga, taa za simu zinatoka, vijana wanatoka pamoja. Sisemi dawa hii inaponya yote. Kuna usiku ambao wezi wana bunduki na kila mutu anabaki ndani, na hapo unawaachia televizyo. Mota ya pampu tutachanga, tununue ingine. Mutoto hatuwezi kuchanga.

Mimi niko tayari kuanza na dola 10 kwa ile mota. Wengine museme, na mwenye habari za kweli juu ya Bunkeya ao juu ya silaha za nkambo zetu aandike hapa chini, tujifunze wote.